Prosesa inafika digrii 97 kwenye jaribio, chumba digrii 31. Nishushe wapi?

Mjukuu_wa_Makorora
Habari za jioni wakuu. Naombeni msaada kwa wanaojua mambo ya kupandisha kasi ya prosesa, hasa walioko huku Tanga wanaolijua joto letu.

Mashine: Core i5-9600K, bodi ya Z390, RAM DDR4 GB 16 (vijiti viwili, 3200), kipoza cha mnara chenye feni moja ya milimita 120, pawa saplai ya wati 650. Kasha lina feni moja tu, ya nyuma. Nimeweka 4.9 GHz kwa viini vyote 6, volti 1.34 za kudumu. Kiyoyozi hakuna, ni feni ya mezani. Kipimajoto cha ukutani kinasoma 31 saa kumi jioni.

Vipimo vya HWiNFO64, programu ya kusoma joto (Cinebench na Prime95 ni za kuibana prosesa):
Bila kazi: 41
Gemu, saa mbili: 74
Cinebench R23, dakika 10: 86
Prime95 Small FFTs, dakika ya nne: 97, wati 165. Nikazima.

Maswali yangu. Kuna orodha ya zamani inazunguka inasema i5 isizidi 72. Basi mimi nimeshaiua? Pili, gemu haijawahi kuganda, lakini nikibana video ndefu kwa HandBrake mashine wakati mwingine inajiwasha upya yenyewe. Ni joto, ni volti, au ni umeme wa mtaani? Tatu, jaribio liende saa ngapi? Mmoja anasema dakika 20, mwingine saa 24, na mimi mita ya LUKU inanikodolea macho.

FundiBarabaraYa12
Mkuu, tuanze na hiyo 72 maana imewachanganya wengi. Hiyo ni Tcase, joto la juu ya kifuniko cha chuma cha prosesa, pale katikati. Intel waliandika hivyo kwa prosesa za zamani. I5-2500K kwa mfano ni 72.6. HWiNFO na Core Temp hazisomi hapo. Zinasoma vihisi vilivyomo ndani ya viini vyenyewe, na mpaka wake unaitwa Tjunction, ambao kwa 9600K ni 100. Kulinganisha hizo mbili ni kushika mfuniko wa sufuria ukadai unajua joto la mchuzi.

Hujaiua. Ikigusa 100 inajipunguzia kasi yenyewe, na ikizidiwa kabisa inazima mashine. Kinachoila prosesa taratibu ni volti kubwa na joto kubwa vikikaa pamoja kwa miezi na miaka, siyo dakika nne za Prime95. Kwa mashine ya nyumbani ya kizazi hicho mimi nashika hivi: kazi za kila siku zibaki chini ya 80, jaribio zito libaki chini ya 90, na ikivuka 95 zima, hakuna unachojifunza zaidi ya hapo.

Sasa chumba. Wanaopima vipoza Ulaya wanakaa kwenye vyumba vya digrii 20 hadi 22. Kipoza hakijui digrii za kwenye makala. Kinachojua ni kuongeza joto juu ya hewa kinayoivuta. Kwako: 97 toa 31 ni 66. Gawa kwa wati 165, unapata 0.4. Yaani kila wati moja inakupandishia digrii 0.4 juu ya joto la chumba. Ukishaipata hiyo namba huhitaji kubahatisha tena.

Joto la prosesa linafuata wati, na wati zinafuata kasi mara volti mara volti. Volti inahesabiwa mara mbili, ndiyo maana ndiyo ya kushusha kwanza. Chukua 4.7 GHz kwa volti 1.25: 1.25 gawa kwa 1.34, zidisha kwa yenyewe, unapata 0.87. 4.7 gawa kwa 4.9 ni 0.96. Zidisha hizo mbili, ni kama 0.83. Wati 165 zinakuwa 138, mara 0.4 ni 55, jumlisha chumba 31: digrii 86. Umepoteza asilimia 4 ya kasi, umeshusha digrii 11. Kwenye gemu hutaona tofauti hata ukikodoa macho kama hiyo LUKU yako.

Halafu usipime mwezi wa saba ukasema umemaliza. Wakati wa kusi chumba kile kile kinaweza kuwa 26, kaskazi ikiingia kikawa 32 au zaidi. Hizo digrii 6 zinahamia kwenye prosesa moja kwa moja, na prosesa yenye joto zaidi inataka volti zaidi kidogo kwa kasi ile ile. Mashine iliyopita mtihani mwezi wa saba kwa tabu itaanza kuganda mwezi wa pili, na lawama atabebeshwa Windows.

Bint_Raskazone
Fundi kamaliza upande wa joto. Mimi nijibu kujiwasha upya, kwa sababu hapa Tanga ni rahisi kumsingizia TANESCO kosa la volti, na kinyume chake.

Fungua Event Viewer, Windows Logs, System. Tafuta tukio namba 41, Kernel-Power. Bonyeza Details uangalie BugcheckCode. Ikiwa 0, mara nyingi mashine ilikatikiwa umeme ghafla bila Windows kujua: umeme wa nje, UPS, au pawa saplai yenyewe. Ikiwa 292, hiyo ni 0x124 iliyoandikwa kwa namba za kawaida, na kwenye mashine iliyopandishwa kasi maana yake mara nyingi ni volti ya prosesa haitoshi. 257 ni 0x101, ugonjwa wa familia hiyo hiyo. Angalia pia kama kuna WHEA-Logger namba 19: hayo ni makosa ambayo prosesa iliyasahihisha yenyewe kimya kimya. Mashine haikuganda, lakini imekuonya.

Utaratibu wa kupima ninaoupendekeza:

Kwanza RAM peke yake, prosesa ikiwa kwenye kasi ya kiwandani. Weka XMP (mpangilio wa kasi kamili ya RAM), choma MemTest86 kwenye flashi, acha izunguke mara nne. Kosa moja tu ni kosa, usiseme ni moja tu. Ukiruka hatua hii utahangaika wiki nzima kuongeza volti ya prosesa kumbe mgonjwa ni kijiti. Na XMP ikiwaka, angalia VCCIO na VCCSA, volti za sehemu ya prosesa inayoendesha RAM. Bodi nyingi zikiachiwa Auto zinazipandisha hovyo. Kwa 3200 vijiti viwili, 1.10 hadi 1.20 inatosha.

Pili, Cinebench R23 dakika 10. Hii ni ya kuchuja tu. Ikianguka hapa usipoteze muda na mengine.

Tatu, Prime95 Small FFTs, kwenye dirisha lile lile weka alama kwenye Disable AVX2 na Disable AVX (AVX ni amri za mahesabu mazito za prosesa). Nusu saa. Kipoza cha hewa kinafika kilele chake ndani ya dakika 15 hadi 20, kwa hiyo namba ya joto ya dakika ya nne bado ni changa. Soma safu ya Maximum na mstari wa Thermal Throttling. Ukisema Yes, hata kama jaribio halikuanguka, kasi uliyodhani unaipima siyo iliyokuwepo.

Nne, Blend ya Prime95 hiyo hiyo saa sita hadi nane, usiku. Hapa RAM na prosesa zinabanwa pamoja. Kwa mashine inayovuta wati 250 ukutani, saa nane ni uniti mbili za LUKU, si balaa. Saa 24 waachie wanaofanya mahesabu ya kazi.

Jambo moja watu hawalioni: Prime95 haiangushi mashine kila mara. Mara nyingi mfanyakazi mmoja (worker, hesabu ya kiini kimoja) anasimama na ujumbe wa Rounding was 0.5, wengine watano wanaendelea kama kawaida. Ukirudi asubuhi unakuta dirisha liko hai, unashangilia. Angalia Task Manager: ikisoma asilimia 83 badala ya 100, mmoja amekufa, na umeshindwa mtihani. Kosa la aina hiyo kwenye HandBrake ni video yenye miraba ya ajabu dakika ya arobaini, au faili la zip linalokataa kufunguka.

Na kabla ya yote nakili mafaili yako muhimu nje. Mashine ikianguka katikati ya kuandika, diski ndiyo inayoumia.

Mla_Volti
Nakubaliana na dada kwa mengi, ila hapo kwenye kuzima AVX napinga. HandBrake inatumia AVX2. Jamaa anaanguka kwenye HandBrake hasa, halafu unampa jaribio lisilogusa AVX? Atapita mtihani na ataendelea kuanguka.

Njia ya kati ni hii. Kwenye BIOS (mipangilio ya bodi kabla ya Windows kuwaka) tafuta AVX Offset, weka 2. Maana yake prosesa ikikutana na kazi ya AVX inashuka vizidishi viwili, 4.9 inakuwa 4.7, kazi nyingine zinabaki 4.9. Halafu pima mara mbili, AVX ikiwa imezimwa na ikiwa imewashwa, kila moja kwa kipimo chake cha joto.

Na mkuu, hiyo 1.34 umeisoma wapi? Kama ni BIOS, hiyo ndiyo uliyoiomba. Prosesa ikibanwa volti inashuka. Tazama HWiNFO mstari wa Vcore wakati Prime95 inaendelea, usitazame VID. VID ni kile prosesa inachokiomba, Vcore ndicho inachopewa. Ukikuta 1.26 wakati BIOS inasema 1.34, hapo ndipo HandBrake inapokuangukia. Dawa ni LLC ya kati, mpangilio wa bodi unaozuia volti kushuka mzigo ukija. Usiweke ya juu kabisa ili namba zilingane vizuri: mzigo ukiachiwa ghafla volti inaruka juu ya ulichoweka kwa kitambo kifupi sana ambacho HWiNFO haiwezi kukiona. Soma kitabu cha bodi kwanza. Kwa ASUS namba kubwa ndiyo kali, kwa MSI na ASRock namba ndogo ndiyo kali. Mtu akihama bodi akabeba mazoea, anapeleka volti asizozijua.

Kwa kipoza cha hewa usivuke 1.35 za kila siku. 1.40 ni ya kupiga picha ya skrini na kurudi.

Bint_Raskazone
Kaka, sijasema asipime AVX. Nimesema aanze bila. Small FFTs yenye AVX2 ni mzigo ambao hakuna programu ya nyumbani inayofika hapo. Kupangia mashine nzima kwa sababu yake ni kununua lori la kubebea mkaa gunia moja. Kwa HandBrake apime kwa HandBrake: video ya saa moja, ubanaji wa x265, mara tatu mfululizo. Offset ya 2 naikubali.

Mla_Volti
Hapo kwenye x265 mara tatu sawa. Kwa lori bado tunagombana.

Mwambani
Mmeongea volti, hakuna aliyegusa kasha. Feni moja ya nyuma peke yake inavuta hewa kupitia kila tundu, ikiwemo hewa moto ya kadi ya picha.

Jaribio la bure: fungua ubavu wa kasha, elekeza feni ya mezani ndani, rudia Prime95 dakika 20. Joto likishuka digrii 5 au zaidi, tatizo ni hewa ya kasha, nunua feni mbili za milimita 120 uweke mbele zikivuta ndani. Likishuka digrii 1 au 2 tu, kasha halina kosa. Angalia pesti na ukazaji wa kipoza. Usifanye kuacha wazi ndiyo suluhisho la kudumu, vumbi litakuzika.

Na kipimajoto kitoe ukutani, kiweke mbele ya matundu ya kuingiza hewa. Mashine ya wati 250 kwenye chumba kidogo mlango umefungwa inakipasha chumba chenyewe, na kasha likiwa limebanwa kwenye meza linavuta hewa yake lenyewe iliyokwisha pata moto.

Pesti: toa kipoza, futa ya zamani kwa isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi. Spiriti ya kidonda usitumie, nyingine zina mafuta ndani na utando wake unabaki. Weka pesti kiasi cha punje ya mbaazi katikati, basi. Shusha kipoza wima bila kukisugua, kaza skrubu kwa msalaba, nusu mzunguko kila moja kwa zamu mpaka zikome. Ukishakiinua kipoza, hata kama ni kuchungulia tu, pesti ile imeisha kazi; viputo vya hewa vimeingia, anza upya. Ukimaliza angalia viini: kimoja kikiwa juu ya wenzake kwa zaidi ya digrii 10 hadi 15, mara nyingi kipoza kimekaa upande.

Halafu chumvi. Walioko Raskazone na kote kunakopigwa na upepo wa bahari, vumbi lenu si vumbi kavu. Chumvi inanyonya unyevu wa hewa, vumbi linageuka tope jembamba kati ya mapezi ya kipoza, na brashi hailitoi. Piga blowa kila miezi miwili, mashine ikiwa imechomolewa, na shikilia mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke; yakizungushwa kwa nguvu ya blowa beringi zinaharibika. Madoa ya kijani kwenye miguu ya bodi ni kutu ya shaba, siyo uchafu, na hapo kupandisha kasi sahau.

Mwanagenzi_Pongwe
Samahani wakuu, naingilia. Mimi nina Ryzen 5 3600, nayo hizo namba ni zile zile? Na kuna anayeuza vibamba vya umeme vya kupozea vinavyoshuka mpaka digrii 10, vinafaa?

FundiBarabaraYa12
Mdogo wangu, 3600 mpaka wake ni 95. Inaruka ruka digrii 10 hata ukifungua kivinjari tu. Hiyo ni tabia yake, usiikimbilie feni. 5800X ni 90. Zile za mfululizo wa 7000 kama 7600X zimetengenezwa zipande hadi 95 zenyewe na kukaa hapo zikibanwa, kwa hiyo namba za 9600K usizihamishie huko. Kwa 1700X na 1800X za mwanzo kuwa makini na programu za zamani: namba ya joto iitwayo Tctl imeongezewa digrii 20 za makusudi, ikisoma 85 ujue ni 65. Na kwa soketi ya AM4, ukitoa kipoza pasha mashine kwanza, kizungushe kidogo kushoto kulia ndipo uvute. Ukivuta kwa nguvu kikiwa baridi, prosesa inang'oka nacho pini zikiwa nje.

Vibamba vya digrii 10 achana navyo. Hewa ya digrii 31 yenye unyevu wa asilimia 70 inatoa umande kwenye kitu chochote kilicho chini ya digrii 25 hivi. Utakuwa umeweka chupa ya soda baridi juu ya soketi.

Mjukuu_wa_Makorora
Wakuu nimerudi na majibu.

Event Viewer: tukio 41 matatu. Mawili BugcheckCode 292, yote usiku wa HandBrake. Moja ni 0, siku mtaa mzima ulikatika. Vcore chini ya mzigo ilikuwa 1.264.

Nimeongeza feni mbili mbele, nimebadilisha pesti, LLC nimeweka ya kati. MemTest86 mara nne, safi. 4.7 GHz kwa 1.25 mfanyakazi mmoja alisimama dakika ya 38, ile 83 ya dada nimeiona kwa macho yangu. 1.27 imekaa: Small FFTs yenye AVX nusu saa, kilele 84, wati 142, hewa ya mbele ya kasha 32. Blend saa saba, wafanyakazi sita kati ya sita. HandBrake mara tatu bila kelele.

Je, nirudishe 4.9 na offset ya 2?

FundiBarabaraYa12
84 toa 32 ni 52, gawa 142: 0.37. Feni na pesti zimefanya kazi yake. Hewa ya mbele ikifika 35 mwezi wa pili utakuwa 87, bado uko ndani.

4.9 na offset unaweza, lakini volti yako ni ya kudumu. Offset inashusha kasi, haishushi volti. Ili 4.9 isimame utarudi kwenye 1.34, na kazi ya AVX itakimbia 4.7 kwa 1.34 badala ya 1.27. Piga hesabu: 1.34 gawa kwa 1.27, zidisha kwa yenyewe, ni 1.11. Wati 142 zinakuwa 158, digrii 90 na chumba kiko 32 tu. Mimi ningebaki hapo ulipo.

Mla_Volti
Kwa hili hata mimi nakaa kimya. Ila hifadhi mpangilio kwenye profaili ya BIOS, na umeme ukikatika wakati mashine inawaka, ingia uangalie kama kizidishi bado ni 47. Baadhi ya bodi zikizimika katikati ya kuwaka zinadhani kasi imeshindwa, zinarudi za kiwandani kimya kimya.

Bint_Raskazone
Na XMP pia inaondoka nayo. RAM ikisoma 2133 kwenye Task Manager ujue ndicho kilichotokea.